Fomu za Novemba

Restituta mwanangu,

Kabla hujapanda gari kesho ni vizuri ujue unaagana na nani. Ukoo wetu umetoa mapadri wawili, mtawa mmoja, na yule binamu aliyeendesha lori mpaka Kongo akarudi na kasuku. Wote hao ni watu, siwadharau. Lakini aliyeingia kwenye maktaba za Ulaya, akawekwa rafu moja na maprofesa, wasomi wakamfungua na kumfunga kwa mikono iliyonawa, ni mmoja tu, naye ni huyu baba yako mdogo Paskali, muuza mitumba wa Kiboriloni. Kile kitabu cha Dokta Greta kina jina lake juu, sikatai. Ila kilichomo ndani kimetoka kwenye nyayo zangu. Kila lango lililohesabiwa mle nilibisha mimi. Nisingebisha, yule mama angerudi kwao na picha za mlima tu, kama watalii wengine.

Salamu sikutumii, maana uko chumba cha pili na nasikia zipu ya begi lako ikigoma. Utashangaa mtu aliye nyuma ya ukuta wa mbao anaandika barua badala ya kugonga. Nimejaribu kugonga. Juzi nilifika mlangoni kwako, nikafungua kinywa, nikajisikia naanza kukusimulia habari za chui wa msitu wa juu. Mdomo wangu una mazoea mabaya, Resti. Nikiongea, maneno yananikimbia yanafika mbele yangu. Kalamu ni nzito kidogo, labda itayashika miguu.

Mambo ya sweta, na usile vya njiani, na upige simu ukifika, atakuambia mama yako, na atayarudia mpaka gari lipotee konani. Mimi nina moja tu. Nimesikia ulichomwambia jikoni.

Sikujificha. Nilikuwa nyuma ya jiko nakata majani ya ng'ombe. Ulisema, "Nimechoka, mama. Nikifika Dar hizi fomu nitaziweka sawa na kitabu."

Mama yako akauliza, "Kuziweka sawa ndiyo nini?"

"Ndiyo kuandika walichosema wale wa zamani."

"Na hawa uliowauliza sasa?"

Nilisikia kijiko kinagonga sufuria. Kisha ukasema, "Hawa hawatasoma, mama."

Panga lilinianguka, likakosa dole gumba kwa bahati tu. Wewe! Wewe uliyekuwa ukirudisha hata pipi uliyozidishiwa dukani. Nilitaka kuingia nikufokee. Halafu nikajiuliza nitakufokea kwa mdomo gani, na hasira yote ikanigeukia mwenyewe, ndiyo ninayo mpaka sasa naandika.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua kutoka kwangu.

Dokta Greta alikuja mwanzoni kabisa mwa vyama vingi, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Wakati huo hata mlevi alikuwa na chama chake. Alikaa nyumba ya wageni ya parokia, na alitaka kujua jambo moja: watu wa mlimani, waliozoea chama kimoja tangu wazaliwe, wanazungumza siasa kwa uhuru sasa, au bado wanachungulia nyuma ya mgomba kabla ya kujibu? Alihitaji msaidizi anayejua vichochoro, anayesema Kichagga, na aliyemaliza kidato cha nne. Nikasema ndiye mimi. Cheti akakitaka. Nikamwambia kililiwa na mchwa. Akasikitika sana, akaniandikia "kidato cha nne" kwenye daftari lake.

Alinifundisha siku nne. Kwenye kitabu ameandika kwamba taarifa zilikusanywa na "msaidizi aliyepewa mafunzo". Huyo ni mimi, na mafunzo yalikuwa makali, usione mchezo. Unaanzia kanisani, unahesabu malango, unaingia kila lango la tano. Huchagui lenye mbwa mpole. Unamhoji anayelala hapo mwaka mzima, awe baba au mama mwenye kihamba, lile shamba linalozunguka nyumba. Unasoma swali kama lilivyo, huongezi chumvi. Na la mwisho alilirudia mpaka nikaona ananidharau: "Paskali, iwe Novemba. Desemba ikianza, usibishe lango hata moja."

Alikuwa anajua, Resti. Mzungu wa watu alikuwa ameshatuelewa. Alijua Mchagga anaweza kukaa Dar, au Mwanza, au mgodini huko, mwaka mzima hata barua haandiki, lakini Krismasi ikikaribia barabara zote zinapanda mlima. Alijua Desemba migombani wanakuwapo watu wengine kabisa.

Akaugua malaria, akapelekwa Dar, kisha kwao. Aliniachia fomu kwenye boksi la sabuni, akanishika mkono akasema ananiamini. Boksi likakaa chini ya kitanda changu Novemba yote. Ukiacha lango moja la siku ya kwanza, sikubisha. Kwa nini sikubisha, nitafika, usinikimbize.

Nilianza wiki moja kabla ya Krismasi.

Wewe unaijua wiki hiyo. Magari yamekwama kwenye matope, watoto wa mjini wanaogopa ng'ombe, kila nyumba kuna mbuzi, kuna pombe ya mbege kwenye pipa. Na mimi napita katikati yao na faili kwapani na kalamu mbili mfukoni. Walinipokea! Sijapokewa vile maishani, hata siku ya harusi yangu. "Karibu, Bwana Afisa!" Wananifutia kiti. Mtu wa Dar na viatu vyake vinavyong'aa anasimama, ananipa mkono, ananiuliza maoni yangu mimi kuhusu bunge!

Namwambia, "Nimekuja kumhoji mama mwenye nyumba."

"Mama yuko jikoni, ana moshi machoni. Niulize mimi. Mama hajui siasa."

Basi namuuliza yeye. Anaongea saa nzima. Katiba mpya, tume ya uchaguzi, magazeti gani ya kweli na yapi ya kununuliwa, anapiga meza mpaka kata za mbege zinaruka. Mimi naandika. Ila fomu juu inataka habari za mwenye kihamba, na mwenye kihamba ni mama. Kwa hiyo juu naandika: mwanamke, mjane, miaka sabini, kahawa na migomba. Chini yake namwaga katiba na tume ya uchaguzi.

Siku moja, kwa marehemu Bibi Ndeshi, bibi mwenyewe alitoka jikoni na sahani akauliza, "Amesema nini huyu mwenye makaratasi?"

Mwanawe akamwambia, "Umesema unataka katiba mpya, mama."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Akafikiri kidogo. "Haya. Mwongezeni nyama."

Tulicheka mpaka machozi. Nilikuja kukusimulia hadithi hiyo ukiwa mdogo, nikiondoa kichwa na mkia, nikakuambia kwamba bibi zetu walikuwa wajanja wa siasa. Na fomu zote, kila moja, nikaandika tarehe za Novemba. Nikamwandikia Dokta kwamba kazi ilikwisha kwa wakati, ila mto ulifurika ukabeba daraja, ndiyo maana mzigo umechelewa kuteremka.

Akaamini. Akatoa kitabu. Na katika kitabu kuna ile sura, unaijua kuliko mimi, inayosema maajabu ya mlima huu ni bibi vizee: wanawake ambao hawajawahi kutoka kijijini wanazungumza mambo ya serikali kama wahariri wa magazeti, bila woga. Wasomi wakashangaa. Bila shaka walishangaa! Hata Bibi Ndeshi alishangaa.

Kitabu kilipofika kwa posta nilikiviringisha kwenye nailoni, nikakiweka juu ya kabati karibu na Bikira Maria. Kila mgeni alionyeshwa ukurasa wa shukrani, penye jina langu. Mimi Kiingereza changu ni cha kuuzia watalii mashati, basi nilikuwa nakuita wewe. Unatoka na gauni la shule, unasimama wima, unasoma jina la baba yako mdogo kwa Kiingereza, wageni wanapiga makofi. Ukaanza kusoma na kurasa nyingine. Ukiwa kidato cha tatu uliniambia, "Baba mdogo, nikifika chuo nitasoma sayansi ya siasa, nifanye kazi kama yako." Nilitembea Kiboriloni siku ile kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Unaona nilipokufikisha.

Ulipochagua kurudia utafiti ule ule, njia ile ile, maswali yale yale, nilikuambia ni wazo zuri. Moyoni nilisema: miaka ishirini imepita, hakuna atakayejua. Ukaja Agosti na fomu zako. Nilikuona unahesabu malango kwa kidole kutoka kanisani, unarudi jioni umelowa hadi magotini, unaketi na mama yako mnaosha viatu. Halafu ile siku ya mtori, mezani, ukasema:

"Siwaelewi bibi zangu. Kila nikiuliza, bibi mmoja baada ya mwingine ananijibu, 'Mwanangu akija Krismasi ndiye atakuambia.'"

Mtori ulinipalia. Mama yako akanipiga mgongoni. Wewe ukanipa maji, mtoto mwema, na mimi nikayanywa, na nilipopata pumzi nikakuambia nini? Nikakuambia, "Umekosea namna ya kuuliza."

"Baba mdogo, nimeuliza maneno yale yale. Kwa Kichagga, kwa Kiswahili."

"Basi una haraka. Sisi tulikuwa tunakaa na mtu."

"Nilikaa. Bibi mmoja nilimsaidia hadi kukamua."

"Basi watu wamebadilika."

"Wamebadilika waanze kuogopa? Wale wa kwanza walikuwa hawaogopi, hawa wanachungulia kwenye uzio kabla ya kutaja hata jina la mwenyekiti. Watu wanarudi nyuma, baba mdogo?"

Nikasema mambo ya dunia ni magumu, nikaenda kulala. Nilikuwa nalo jibu mkononi, Resti, kama mtu aliyeshika ufunguo huku anawaangalia wenzake wanavunja mlango.

Ukarudi chuo. Msimamizi wako, anayefundisha kile kitabu kila mwaka, akakuambia utafiti uliokwisha chapishwa hauwezi kupinduliwa na mwanafunzi mwenye viatu vya matope. Akakuambia mbele ya wenzako kwamba lazima ulikaa baa mjini Moshi ukajaza fomu mwenyewe. Ulitusomea maneno hayo kwenye simu ya jirani, sauti ikikatikakatika, na mimi nilimlaani yule bwana siku tatu mfululizo. Mbwa we, unamwita mtoto wetu mwongo! Siku ya nne nikakumbuka kwamba tusi lile lilikuwa na mwenyewe. Limechelewa njiani miaka ishirini, likampata mtu ambaye si wake.

Ukaomba ruhusa, ukaja tena, ukarudia mara ya pili. Malango yale yale, jibu lile lile. Na kesho unashuka kwenda kusimama mbele ya jopo lao, begi umelifunga lote mpaka blanketi, umemwambia mama yako hurudi mpaka uwe na shahada na kazi, na njiani utakuwa unafuta walichokuambia bibi zako uandike walichosema watu wa Dar wenye viatu vinavyong'aa. Uongo wangu utazaa, mwanangu. Na safari hii utaandikwa na mtu anayejua kusoma na kuandika kweli kweli.

Inaniudhi. Naandika huku nauma meno. Inaniudhi kwamba miaka yote hii hakuna aliyerudi kuniuliza. Maprofesa wamesoma kitabu, wameandika vitabu juu ya kitabu, hakuna hata mmoja aliyepanda gari mpaka Himo akatembea huku juu akasema, "Paskali yuko wapi, na alibisha siku gani?" Mimi nikinunua robota la mitumba, karatasi ya juu imeandikwa daraja la kwanza, lakini hakuna mwanamke wa Kiboriloni atakayeniamini kwa karatasi. Wananisimamia: "Pasua tuone!" Nalipasua mbele yao, shati kwa shati. Likiwa na matambara, wanayaona. Wasomi wenu wananunua robota kwa karatasi ya juu, wanauziana hivyo hivyo limefungwa, na siku anapotokea msichana akalipasua, wanamuuliza matambara ameyatoa wapi!

Lakini nikiacha kelele, najua pia kwamba wangekuja kuniuliza ningewadanganya. Ningewasimulia ule mto.

Nimezitazama fomu zako. Samahani, nilizitazama jana ulipokwenda kuaga kwa shangazi. Zile nilizojaza mimi zilikuwa safi, kila kisanduku kimejaa. Zako zimejaa maandishi pembeni. Kuna bibi mmoja umeandika kwamba siasa hajui kabisa, na swali lote la vyama amekujibu "sijui, sijui, sijui", halafu pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Anasema mfongo haujaleta maji wiki tatu, mwenyekiti anajua sababu, wanawake wanne wamekubaliana wasimpelekee ndizi kwenye msiba wake mpaka maji yarudi." Nilisoma hapo mara mbili. Resti, huyo ni mwanasiasa kuliko yule wa Dar aliyepiga meza. Fomu ndiyo haikuwa na mahali pa kumwekea. Ukimfuta huyo ili umrudishe Bibi Ndeshi wangu wa uongo, utakuwa umemnyang'anya maji mara ya pili.

Mimi si mtu wa kufundisha, na uniepushe na heshima hiyo leo. Ninachojua nimekijua kwa kukosea, tena polepole. Nimejua kwamba jibu lina siku yake, kama maziwa. Ukiyaficha yamekamuliwa lini, atakayekunywa ndiye atakayeugua, wewe utakuwa umeshaondoka. Na nimejua kwamba uongo mdogo hauombi kitu kikubwa. Unaomba tu usirudi kuuangalia. Mimi sikurudi miaka ishirini. Kila Krismasi kadi ya Dokta Greta inafika, anauliza hali ya "watu wetu", anauliza wewe umefika darasa gani, na mimi namjibu kwa salamu za kila mtu pamoja na ng'ombe.

Sasa sikiliza. Ndani ya begi lako, chini ya mfuko wa ndizi za kuchoma, utakuta daftari la mistari lenye jalada la bluu. Hilo halijaonwa na mtu. Kule kwenye fomu nilidanganya tarehe, lakini tumbo langu sikulidanganya. Kila jioni niliandika nyumba niliyoingia, siku, na nilichokula, kwa sababu nilijua nitakuja kujisifu. Utasoma mwenyewe: tarehe ishirini na tatu Desemba, kwa Bibi Ndeshi, mbavu na mbege, aliyeongea ni mwanawe. Tarehe ishirini na nne, kwa Mzee Proches, supu ya kichwa, aliyeongea ni mkwe kutoka Dar. Lango kwa lango, mpaka mwaka mpya. Linganisha na orodha ya malango nyuma ya kitabu. Yatakubaliana yote isipokuwa tarehe. Nyuma ya daftari nimeandika maelezo kwamba kosa ni langu, Dokta alinikataza Desemba, na nimetia sahihi na dole gumba, ili wasiseme sahihi imeghushiwa.

Mpelekee msimamizi wako. Akisema huyu mzee ni mwongo, mwambie ndiyo, ndivyo mwenyewe anavyosema. Wakinitaka, nitashuka na koti langu la harusi nisimame mbele ya hilo jopo lao, na nitajitahidi nisiwasimulie chui. Siwezi kukuahidi kwamba watakushukuru. Huenda wakakukasirikia zaidi, maana mtu aliyefundisha kitu miaka mingi hapendi kuamshwa. Huenda shahada ikachelewa. Hilo nalo ni deni langu kwako, na sina cha kulilipia.

Kisha mwandikie Dokta Greta kwa Kiingereza chako. Kadi zake ziko kwenye kopo la biskuti, mama yako atakupa. Mwambie taratibu, ni mzee sasa. Mwambie alikuwa sahihi kuhusu Desemba. Nadhani hilo litamfariji kidogo.

Katikati ya daftari nimefunga jani la isale. Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa. Aliyekosewa akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama moyo bado unachemka. Sikuweza kukushikisha mkononi. Na wewe usinijibu leo. Kesho asubuhi nipe shikamoo kama kawaida, nami nitakubebea begi mpaka barabarani na kukusimulia upuuzi wowote utakaonijia. Ukifika Dar, ukishalisoma, ukiamua hutaki kunipigia, nitaelewa.

Sasa ile Novemba. Nilisema nitafika.

Mto haukufurika. Ule mto unaujua, mbuzi anauruka. Daraja halijawahi kubebwa na kitu.

Siku ya kwanza ya Novemba nilivaa shati la kola, nikaanzia kanisani, nikahesabu. Lango la tano likawa la Mwalimu Severin, Mungu amrehemu, aliyenifundisha shule ya msingi. Nikamwamkia.

"Marahaba, Pasko. Umeleta nini, michango ya kanisa?"

"Nimeleta utafiti, Mwalimu."

"Haya, uliza."

La kwanza jina, la pili umri, la tatu kazi. La nne nikasoma kama nilivyofundishwa, bila kuongeza chumvi: "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Mwalimu akavua miwani. Akamwita mkewe kutoka shambani. "Mama, njoo usikie! Pasko ananiuliza mimi nimesoma mpaka darasa la ngapi!"

"Na yeye mwenyewe?" mkewe akauliza.

"Ndiyo hapo sasa. Pasko, andika kwanza la kwako, halafu uandike la kwangu."

Hawakuwa na ubaya. Walinipa hata chai. Lakini nilitazama njia yote iliyobaki, kila lango la tano, nikaona kila moja lina mtu aliyenijua nikiwa na kaptula. Wote walijua ni lini niliacha shule, na kwamba wiki ya mtihani nilijificha kwenye dari la ndizi nikishushiwa chakula na marehemu baba yako. Nikarudi nyumbani na boksi. Nikasubiri watu wa Krismasi, kwa sababu wale hawakunijua, na wao wakaniita Afisa.

Mama yako anaita chakula, namalizia.

Agosti ulipohesabu malango, letu liliangukia kwenye hesabu. Mimi zamani nililiruka, mtu hajihoji. Wewe uliingia, ukakaa mbele yangu kama mgeni, mama yako akawa anacheka jikoni. Ulipofika swali la nne nilikujibu bila kupepesa jicho, na wewe ukaandika bila kuuliza mara mbili, kwa sababu ndivyo ulivyosikia tangu utotoni. Katika fomu zako zote hiyo ndiyo moja ninayoijua kuwa ina uongo. Itafute kabla hujafika mbele ya jopo. Swali la nne, futa kidato cha nne. Andika darasa la sita.

Baba yako mdogo,
Paskali